Fungu la Nundu

Nimelelewa na baba asiyejua kupendelea, na mtu asikudanganye kuwa ni raha. Nikipigana na mtoto wa jirani, sote wawili tulitiwa adabu sawasawa, hata kama ni mimi niliyetoka damu.

Kwetu Msambweni, kila Idi majirani tulikuwa tukichangia ng'ombe mmoja kutoka Kinango, na mgawaji alikuwa baba. Nyama ilipangwa mafungu juu ya majani ya mgomba. Nundu haikukatwakatwa, iliwekwa nzima kwenye fungu moja, na fungu hilo likapunguzwa nyama nyingine. Kisha mtu mmoja hukaa akiyapa mafungu mgongo. Baba anaelekeza kisu na kuuliza, "Hili la nani?" Aliyekaa anataja nyumba yoyote, na fungu limekwenda. Kazi hiyo ya kutaja ilikuwa yangu.

Mwaka ule, miaka ya tisini ikielekea ukingoni, kijana mmoja wa Bodo alikuwa ameniposa. Wazee wake wangekuja mchana wa Idi kupata jawabu, na kututazama tulivyo. Nilimpenda yule kijana, nasema wazi, nilimpenda hata usingizi ukanihama. Mama naye alishaapa kwamba wakwe hawaandaliwi Idi bila nundu.

"Wataona tumewadharau," alisema. "Watageuza njia, na mwanangu atabaki kuwaangalia migongo."

"Litakalotuangukia ndilo letu," baba akajibu.

"Bwana we! Binti si wako?"

"Binti ni wangu. Ng'ombe ni wa wote."

Siku moja kabla ya Idi nikakaa mahali pangu. "Hili la nani?" Nikataja. La pili, nikataja. La tatu, mama akakohoa. Kikohozi cha kukwaruza, cha mtu asiyeumwa na lolote. Nikaelewa papo hapo: hilo ndilo lenye nundu. Sijafungua mdomo, jirani wa kulia naye akakohoa. Kisha shangazi. Kisha wanawake wote, kho kho kho, ungedhani pilipili imemwagika motoni! Wote walitaka niolewe, Mungu awape heri. Nilicheka mpaka nikaanguka ubavu.

Baba pia alicheka, lakini aliwatoa wote uani, akayapanga mafungu upya na kuanza mwanzo. Mara hii kimya kabisa. Nilikuwa natamani hata nzi akohoe! Nikataja nyumba baada ya nyumba, na watu walipoitwa warudi nikageuka: nundu ilikuwa imemwangukia jirani yetu wa bara, mama Mkristo aliyekuwa akifua mashuka katika hoteli moja ya Diani na aliyechangia ng'ombe kama sisi.

"Huyu wa bara anajua nini cha nundu?" mtu akanung'unika. "Turudie!"

"Hairudiwi," baba akasema. "Ingekuangukia wewe, ungetaka turudie?"

Jirani mwenyewe akanisogelea. "Si mchukue tu, sista? Mko na wageni. Kwetu nyama ni nyama."

Mama alishanyoosha mkono. Baba akamzuia. "Ahsante sana, mama, lakini ukitupa sisi, watu watasema ni mimi niliyekupangia ili irudi kwangu. Nenda ukapike, ule na wanao." Mama akaingia ndani, akamnunia baba hata maji ya kunywa hakumpa.

Idi ikafika na wageni wakaja. Tuliandaa wali wa nazi na mbavu, na mchuzi mzito. Mjomba wa kijana akalitazama sinia, akatabasamu. "Ng'ombe wenu wa Msambweni hawana nundu siku hizi?"

Mimi nilikuwa nyuma ya pazia. Nikajua posa imekufa.

"Muulizeni bwana huyo!" mama akafoka, akamwaga yote, vikohozi, jirani wa bara, nundu iliyokataliwa mkononi. Machozi yalikuwa yakimlengalenga.

Babake kijana akaacha kula, akamgeukia baba.

"Mwanangu ana hasira za karibu," akasema. "Nilikuwa nikihofia, siku akikosana na mkewe, mke akarudi kwao, nani atamsikiliza mwanangu? Kila nilikokwenda, mkwe ndiye mwenye makosa kabla hajafungua kinywa."

"Hapa atasikilizwa," baba akasema. "Na akikosa ataambiwa."

"Basi sisi tumefika. Hatuendi kwingine."

Vigelegele vya mama vilisikika mpaka barabara kuu, yeye yuleyule aliyenuna! Nami nikalia kwa furaha, nimelishika pazia kwa mikono miwili.

Ndoa ina miaka mingi sasa. Nimekwenda kwetu na vilio vyangu mara kadhaa, na mara nyingi zaidi ni mimi niliyeambiwa nimekosa, nikaombe radhi. Yule baba! Hurudi kwa mume wangu nimefura kama andazi, naye hunifungulia mlango akicheka.