Koti Jeupe la Mama Mkwe

Siku yangu ya kwanza kazini, katika hospitali moja ya Kitui, sikushika sindano wala dawa. Nilifundishwa kumgeuza mgonjwa. Sista Msimamizi wa Wodi, mama mfupi asiyecheka ovyo, alinionyesha shuka la kugeuzia, lile linalotandikwa kutoka mabegani hadi mapajani ili mgonjwa avutwe bila kukwaruzwa ngozi. Kila saa mbili, ubavu huu kisha ule. Ukiona doa lenye joto ambalo halipotei ukilibonyeza, kidonda cha kulala kimeshaanza.

Siku hiyohiyo nilisita mbele ya mgonjwa aliyekuwa shangazi wa jirani yetu. Sista aliniona.

"Kijana, kwa wodi hakuna shangazi wala jirani," akasema. "Iko mgonjwa tu. Ukivaa hilo koti, wewe ni daktari."

Nilikuwa muuguzi tu, lakini kwetu mwanamume mwenye koti jeupe ni daktari, na sikumsahihisha mtu.

Kutoka hapo nilipelekwa Tseikuru, kwenye zahanati ya vyumba viwili, ambako wafugaji walileta wagonjwa kutoka mbali sana. Baadaye nikahamishiwa upande wa Emali, ambako majeruhi wa barabara kuu hawakuisha. Kote huko, Krismasi ilinikuta zamuni. Kila Desemba niliomba ruhusa, na Afisa Msimamizi wa Emali, mzee mpole kwelikweli, alinijibu vilevile: mwaka ujao, Musyoka. Mke wangu Kalekye alizoea kuniwekea chapati zangu kwenye sufuria. Hakulalamika sana, na hilo ndilo lililoniuma.

Nilipostaafu tukarudi nyumbani, karibu na soko la Kabati. Nikalikunja koti nikalitia sandukuni, nikajiambia sasa nitakula Krismasi kama watu. Mwaka huohuo mama yake Kalekye akaanguka, akavunjika nyonga, tukamleta kwetu.

Ninyi vijana mtacheka, lakini sisi Wakamba wa zamani tuna nthoni. Mkwe na mama wa mkewe hawaangaliani usoni wala hawashikani mikono. Kwa miaka yote ya ndoa yangu, kila nilipomwona akija nilipita njia nyingine. Basi Kalekye ndiye aliyemgeuza na kumwogesha, nami nikasimama nje ya mlango nikitoa maagizo. Nilijiona mjinga. Nimegeuza mamia ya wagonjwa, na huyu mmoja wa nyumbani kwangu siwezi kumgusa.

Siku tatu kabla ya Krismasi, mgongo wa Kalekye ukakataa. Alikuwa akimwinua mamake, akabaki ameinama hivyohivyo. Binti yetu angefika mkesha wa Krismasi, si mapema. Kutoka ndani Kalekye akaniambia kuna doa kwenye kiuno cha mama, lina moto, na akilibonyeza halipotei.

Niliogopa. Kwa umri ule, kidonda cha namna hiyo kinaweza kumwondoa mtu. Nikashika kitasa, nikakiachilia, nikakishika tena. Kufungua mlango kulikuwa kumvunjia heshima mzee mzima.

Ndipo nikamsikia mwenyewe akiuliza, bila haraka, "Kalekye, yule daktari wa Tseikuru bado ako na koti yake?"

"Iko kwa sanduku, mama."

"Basi aivae. Sitaki mkwe hapa ndani. Nataka daktari."

Nililivaa. Vifungo vya tumboni vilikataa kukutana. Nikabisha hodi, nikajitambulisha kama ninavyojitambulisha kwa mgonjwa yeyote, naye akageuza uso ukutani. Nilitandika shuka la kugeuzia, nikavuta taratibu, nikaweka mto nyuma ya mgongo wake. Magoti yangu yalilia kuliko yeye. Kila saa mbili, mchana na usiku, nilirudi hivyo, na hatukuangaliana hata mara moja. Kufikia mkesha, doa lilikuwa linapoa, na binti yetu akafika.

Asubuhi ya Krismasi nilibisha tena nikiwa na koti langu.

"Daktari," akasema akiwa ameelekea ukutani, "leo umepewa ofu. Enda ukule na watu wako."

Maneno hayo niliyangoja kwa wakubwa wangu maisha yangu yote ya kazi. Sioni haya kusema kwamba nilifuta machozi pale kizingitini.

Nikalitundika koti kwenye msumari nje ya mlango wake, na hapo ndipo linapokaa hadi leo. Nikaketi barazani, mahali ambapo dirisha lake halinioni, Kalekye akiwa kwenye kiti cha mito, binti yetu akituletea chapati zenye moto. Nilikuwa na furaha ya mtu aliyefika. Nilikuwa nusu ya chapati ya pili nilipoisikia sauti ya mama mkwe dirishani.

"Mkwe wangu, ukiona yule daktari, mwambie asante. Kiuno kimepoa."

Nikamjibu, "Sawa, mama. Nikimwona nitamwambia."