Mwenzangu Amekuwa Akinipimia Presha, na Mimi Ndiye Dereva

Admin, jina langu libaki kwako, maana wenzangu kazini wanausoma sana ukurasa huu. Nina miaka arobaini na tisa, ni baba wa watoto watatu na dereva wa basi la wafanyakazi kwenye kampuni moja ya kilimo huku Kilombero. Asubuhi nawachukua watu Mang'ula na Mkula nawapeleka shambani, jioni nawarudisha.

Kampuni ilileta mpango wa afya. Kila miezi mitatu wanakuja wauguzi, tunapimwa presha na sukari, tunafundishwa kula vizuri na kufanya mazoezi. Jambo zuri, sibishi. Lakini mara ya kwanza tu dereva mwenzangu alikutwa na presha, akahamishiwa getini. Mtu wa miaka ishirini kwenye usukani, leo anafungua na kufunga geti. Nikaapa moyoni sitakuwa mimi.

Kichwa kilikuwa kinanigonga kitambo. Siku ya kupimwa ikafika, nikampa kadi yangu fundi wa karakana, rafiki yangu wa Lupiro, akapimwe kwa jina langu. Kadi hazina picha na wauguzi hubadilishwa kila mara. Akaniambia, "Kaka, mara hii tu." Sasa ni mara ya tano.

Majibu yake mazuri yameniponza. Wamenifanya balozi wa afya! Kila Jumatatu nasimama mbele ya watu nawahubiria wapunguze chumvi, mimi ambaye nyumbani kwangu kambale wa chumvi hakosekani. Meneja akasema, "Mwigeni huyu mzee." Wakapiga makofi. Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona.

Mwezi uliopita nilijipeleka zahanati moja Ifakara. Daktari akanipima mara mbili, akaniuliza, "Mzee, umekuja na nani?" Nikamjibu nimeendesha mwenyewe. Akanipa dawa na kunikataza usukani mpaka presha ishuke. Dawa nameza kwa kujificha. Usukani sijauacha.

Wiki iliyopita, tukikaribia Mkula, macho yakaingia giza. Sekunde chache tu. Nikaegesha, nikawadanganya abiria kwamba nasikia tairi halipo sawa. Wakashuka kulikagua, wakarudi wakinishukuru kwa umakini wangu.

Nikiomba likizo ya ugonjwa, cheti cha daktari kitagongana na kadi yangu. Nikisema ukweli tunafukuzwa wawili, na fundi mke wake ni mjamzito. Ameshaniambia, "Kaka, ukifungua mdomo tumezama wote. Meza dawa, endesha polepole." Nimebanwa kila upande, na wa kulaumiwa ni mimi.

Juzi binti yangu mkubwa ameajiriwa hapo hapo, ofisini. Anapanda basi langu, anakaa kiti cha nyuma yangu. Jana nilimsikia akimwambia mwenzake, "Baba akiwa anaendesha, mimi nalala." Na kweli akalala mpaka shambani.

Ndugu zangu, kesho saa kumi na moja na nusu alfajiri natakiwa niwashe gari. Niambieni la kufanya kabla sijawasha.