Noti ya Dirishani

Siku nilipokwenda ukweni kujitambulisha, baba mkwe aliniuliza nafanya kazi gani. Nikamjibu kwamba napuliza klarineti. Akafikiri kidogo, kisha akataka kujua kama nina kazi nyingine pia. Mtu mwenye akili timamu angelisikia onyo hapo hapo akaenda kusomea uhasibu. Mimi nilijipiga kifua, nikamhakikishia kwamba siku moja kumbi zitajaa watu kwa ajili yangu. Binti yake alikuwa amesimama mlangoni na sinia la chai, akainamisha uso. Kwa miaka mingi niliamini alikuwa anaona haya. Kumbe alikuwa anajizuia kucheka.

Kumbi hazikujaa. Nilipata kiti katika okestra ya mji, safu ya nyuma kabisa, karibu na ngoma kubwa, mahali ambapo hata mama yangu mzazi alishindwa kuniona. Siku za kazi nilifundisha chuoni, katika chumba kilichokuwa stoo ya viti vibovu. Wanafunzi waliniita Profesa Filimbi, ingawa mimi si profesa na klarineti si filimbi. Nilikuwa mkali ajabu kwa mtu asiyejulikana. Sheria yangu kuu ilikuwa moja: ukifika jukwaani, jaribu sauti kwanza, hata kama wewe ni malaika aliyeshuka sasa hivi.

Mazoezi yangu niliyafanya sebuleni. Mke wangu ni fundi wa nguo, na cherehani yake ipo chini ya dirisha kwa sababu ya mwanga. Kioo kimoja cha dirisha hilo kimelegea, na nikipiga noti ya chini kuliko zote, kinatetemeka na kulia zzz kama nzi aliyefungiwa kwenye kopo. Bila kuinua macho kwenye kitambaa, mke wangu hunyoosha mkono, akakibana kioo kwa kiganja mpaka noti iishe, kisha huendelea kushona. Kila mwaka nilimwahidi kwamba nitakikaza. Hadi leo bado naahidi.

Basi mkuu wa chuo akaniita ofisini, akanikaribisha chai. Nikajua unga umekaribia kuingia maji, maana hajawahi kunipa hata maji ya kunywa. Akaniambia kwa upole kwamba wanafunzi wa klarineti ni wachache mno, na bodi inataka kulifunga darasa langu. Wao wangehamishiwa kwaya, mimi ningepelekwa kusimamia maktaba. Lakini chuo kilikuwa kinaandaa tamasha pamoja na okestra ya mji, na yeye alikuwa ameniombea nafasi ya kupiga peke yangu mbele. Bodi ingekaa safu ya kwanza, isikilize, halafu iamue.

Hapa lazima nieleze jambo moja la kazi yetu. Mpiga klarineti wa okestra huwa na klarineti mbili, moja ndefu kidogo kuliko nyingine. Vidole vinacheza vilevile, ila ile fupi hutoa sauti iliyo juu kwa nusu sauti, na mtunzi ndiye anayesema utumie ipi. Wengi wetu tuna kipande kimoja tu cha kuwekea mdomo, ambacho tunakihamisha kutoka hii kwenda ile. Wimbo wangu wa siku hiyo ulikuwa wa klarineti ndefu.

Jumapili alasiri, nyuma ya jukwaa, vijana wa taa na mapazia walinizunguka kunitazama na suti yangu mpya, aliyoishona mke wangu. Nami sijui kukaa kimya nikitazamwa. Nikachukua klarineti fupi, nikawapigia kitu chepesi cha kuchezesha mabega, wakashangilia, kichwa kikavimba. Papo hapo nikaitwa. Nikatoka na klarineti iliyokuwa na kipande cha mdomoni, yaani ile fupi. Na kwa kuwa siku hiyo nilikuwa mgeni wa heshima, niliona kujaribu sauti mbele za watu ni mambo ya wanagenzi. Nikainama mara tatu, ingawa makofi yalitosha mara moja.

Okestra ikaanza utangulizi wake mrefu. Nikapitisha vidole juu ya vitufe bila kupuliza, na kidole kidogo cha kulia kikafika mahali pake kwa urahisi kupita kiasi. Nikajua. Kijasho chembamba kikanitoka. Klarineti ndefu ilikuwa nyuma ya pazia, na mwenyekiti wa bodi alikuwa mbele yangu, akinitabasamia. Nilitamani sakafu ipasuke inimeze.

Kulikuwa na njia moja tu: kila noti niishushe nusu sauti kichwani kabla haijafika vidoleni. Ilikuwa kama kukimbia kwenye ngazi za nyumbani kwako usiku ambao mtu amehamisha kila kipandio. Sijui nilivyofanya. Nilifanya. Sijawahi kufanya jambo gumu kama lile maishani mwangu, na lilitoka safi, hadi mwisho wa sehemu ya pili na ya mwisho, ile ya polepole, inayomalizikia kwenye noti ya chini kuliko zote. Klarineti fupi haifiki huko. Ungeipuliza mpaka macho yatoke, noti hiyo haimo.

Basi nikasimama na klarineti mdomoni, kimya, nimefumba macho kwa aibu, huku wapiga fidla wakimalizia peke yao. Jasho likaniingia jichoni, likatoka kama chozi. Mwenyekiti wa bodi akatoa leso.

Tamasha lilipoisha, mkuu wa chuo alinikumbatia: darasa halifungwi. Mwenyekiti alisema hajawahi kusikia ukimya wenye hisia kama ule. Mwongozaji wa okestra naye akanishika bega, akasema sasa nimekomaa, nimejua kunyamaza. Miaka yote hiyo nafundisha watu kupiga noti, halafu darasa linaokolewa na noti ambayo sikuipiga. Nikashukuru. Kilichoniuma ni kwamba nilikuwa nimefanya kazi kubwa kuliko zote maishani, na siwezi kumsimulia mtu bila kumweleza kwanza kwamba mimi ni mpumbavu.

Tulipofika nyumbani, mke wangu alivua viatu, akakaa penye cherehani yake.

“Noti yangu iko wapi?” akaniuliza.

“Noti gani?”

“Ya dirishani. Nimekaa kule ukumbini, mkono uko tayari kabisa, nasubiri. Haikuja.”

Nikamweleza yote, suti, mapazia, kuinama mara tatu. Akacheka mpaka akashika mbavu, na safari hii hakuinamisha uso. Nami nikajikuta nina furaha isiyo na mfano, kwa sababu katika ukumbi mzima kulikuwa na mtu mmoja aliyeikosa noti ile.

Akafuta macho. “Haya, niletee.”

Nikatoa klarineti ndefu, nikahamisha kipande cha mdomoni. Nikajaribu sauti kwanza. Kisha nikaipiga, na kioo kikaanza kulia zzz kama kawaida yake. Nikamtazama, nikisubiri anyooshe mkono akibane. Mikono yake ilibaki mapajani, akakiacha kioo kilie mpaka pumzi yangu ikaisha.