Nta Kwenye Nyufa za Behewa

Nyuma ya soko la Tabora kuna mahali ambapo watu wa Ipole huyeyusha nta kabla ya kuiuza. Ikianza kulainika hutoa harufu tamu na nzito, na wapita njia huvuta pumzi kwa furaha. Mimi huvuka barabara nikapita upande wa pili. Wenzangu hudhani naogopa nyuki. Sijawahi kuwaeleza, kwa kuwa mimi si mtu wa maneno mengi. Ninyi nitawaeleza, maana karatasi hainikodolei macho ninapotafuta neno.

Nilikuwa sijaanza shule. Baba alifanya kazi katika genge la kutengeneza reli, upande wa Igalula. Genge lile lilikuwa na behewa moja kuukuu la mbao, paa lake la bati, ambalo lilivutwa na treni na kuachwa kwenye njia ya pembeni popote penye kazi. Wanaume wengine walilala kwenye mahema. Baba alikuwa mnyapara na ana familia, kwa hiyo behewa likawa letu. Zamani alikaa humo Mzungu aliyekuwa akikagua reli, na aliacha kitanda cha chuma pamoja na jiko dogo la chuma lenye bomba la moshi lililotokea juu ya paa. Niliona hakuna mtoto mwenye bahati kama yangu. Watoto wengine nyumba zao zilikaa palepale. Yangu ilikuwa na magurudumu.

Mwezi wa Julai, baridi ilipokuwa kali na upepo wa asubuhi ukipita kwenye mbao kama mtu anayepiga mluzi, mama alijifungua kabla ya miezi kutimia. Bibi, mama yake baba, alikuwa amekuja kutoka Ipole na kibuyu cha asali na bonge la nta. Alimfunua mtoto, akamtazama kwa muda mrefu, akamfunika tena. Mtoto alikuwa mdogo kiasi kwamba mkono wake wote ulishika kidole changu kimoja tu, tena haukukimaliza.

"Huyu hataki dawa," Bibi alisema. "Anataka joto. Mkimpa joto atakaa. Mkimnyima atarudi alikotoka."

Kwetu Ipole mzazi hulala karibu na moto mpaka apate nguvu, naye mtoto hukua kando ya moto huohuo. Nyumba ni ya udongo na nyasi, moshi hupanda ukapotelea kwenye paa. Lakini ndani ya behewa moto ulikuwa ni ule wa jiko la Mzungu, na jiko lenyewe lilikuwa gonjwa.

Baba alipowasha kuni, moshi haukupanda. Ulirudi kwa mlango wa jiko ukajaa ndani, mtoto akakohoa kikohozi kidogo kama cha paka. Baba akapanda juu ya paa, akafunga jiwe ndani ya kipande cha gunia, akaliteremsha kwenye bomba kwa kamba, akalipandisha na kuliteremsha. Masizi yalianguka debe zima. Akawasha tena. Moshi ukarudi vilevile. Akapapasa bomba lote kwa vidole mpaka akafika kwenye kona iliyoliwa na kutu, akakata bati la debe akaizungushia na kuikaza kwa waya. Siku hiyo tulikaa vizuri mpaka jioni, upepo ulipogeuka. Akatengeneza kofia ya bati, akaivika juu ya bomba.

Rafiki yake Hamisi, Mzaramo wa genge lile, alikuwa akimtazama kutoka chini. Wazaramo na Wanyamwezi ni watani tangu enzi za wapagazi, na Hamisi hakuiacha nafasi ipite.

"Mtani, nyie mmezoea kufukuza nyuki kwa moshi. Sasa mnafukuza mpaka wazazi?"

"Njoo juu nikutie kwenye bomba uzibe upepo," baba alimjibu.

"Sitoshi. Labda uanze na kichwa chako, ndicho kitupu."

Mama alicheka ndani, nikamsikia. Kilikuwa kicheko chake cha kwanza tangu azae.

Kofia ilisaidia upepo ulipovuma. Kulipokuwa kimya, na hasa alfajiri baridi ilipozidi, moshi ulishuka tena. Baba alilifungua jiko akakuta sahani yake ya chini imepasuka. Aliketi juu ya reli na ile sahani mapajani, akaigeuza huku na huku. Siku ile, kwa mara ya kwanza, nilimwona baba ameshindwa na kitu.

Kesho yake aliamka na shauri jipya. Adui, alisema, ni moshi. Basi tutafute moto usio na moshi. Alijaza matambara na udongo ndani ya bomba ili upepo usiingie, akaliacha jiko la Mzungu kama lilivyo. Akatoboa karai kuukuu, akalijaza mkaa wa mninga, akauwasha nje. Alipoona mkaa wote umekuwa mwekundu na hautoi hata uzi wa moshi, aliliingiza karai ndani akaliweka karibu na kitanda. Mama alinyoosha miguu, akafumba macho. "Hapo sasa," alisema.

Ila joto lilitoroka kwenye nyufa za mbao. Bibi akatoa bonge lake la nta. Baba alilipasha moto, akafinyanga nyuzi ndefu, akawa anazisukuma kwenye kila ufa kwa kidole gumba, kama watu wa kwetu wanavyoziba mdomo wa chungu cha asali. Alizunguka behewa lote, ukuta kwa ukuta, akapiga magoti kuziba chini, akasimama juu ya kitanda kuziba juu. Mimi nilimshikia kibatari kwenye pembe zenye giza. Ndani mlinukia kama mzinga uliojaa. Hamisi alichungulia, akasema hata mbu sasa akitaka kuingia itabidi apige hodi.

Mtoto alipata joto. Alianza kunyonya kwa nguvu, na Bibi akasema huyu sasa anataka kukaa.

Mama alilalamika kichwa. Bibi akasema ni damu ya uzazi, itatulia. Mimi nilitapika asubuhi. Bibi akasema nimeiba asali, na kwa kuwa ni kweli nilikuwa nimeiba, nilikubali. Mkaa ulififia kabla haujaisha na kibatari kikawaka kwa shida. Baba akasema mkaa una unyevu, akauanika juani. Kila jambo lilipata jibu lake. Hakuna kati yao aliyekuwa mpumbavu. Kila mmoja alijibu kwa kile alichokijua.

Ilifika siku ya baridi kuliko zote. Jioni yake baba aliitwa kwenda kutazama reli iliyopasuka mbali kidogo. Kabla ya kuondoka alijaza karai mkaa mkavu, akakunja gunia akaziba nalo chini ya mlango. Mimi, kwa sababu ya kutapika, nilipelekwa kulala na Bibi kwa mke wa mfungua njia, mwenye kazi ya kugeuza reli treni zipite, hatua chache kutoka hapo.

Asubuhi Bibi alibeba uji, nikamfuata. Mlango ulikuwa mgumu kwa ajili ya lile gunia, akausukuma kwa bega. Joto lilitupiga usoni. Mama alilala chali, mdomo wazi. Bibi alimwita, akamtikisa, akamtikisa tena kwa hasira, mpaka mama akafumbua macho polepole kama mtu anayetoka kwenye kisima. Alijaribu kuinuka, miguu ikakataa, akatapika sakafuni.

Mtoto alikuwa kwapani mwake. Nilimwona kabla Bibi hajamchukua. Midomo yake ilikuwa myekundu, imeiva kama ya mtoto aliyeshiba. Nilidhani amepona kabisa.

Bibi alimwekea sikio kifuani. Alikaa hivyo muda mrefu.

"Umemlalia," alisema.

"Sikumlalia, mama."

"Mtoto amekufia kwapani na wewe unakoroma. Umelala usingizi gani huo?"

"Sikumbuki," mama alisema. "Mama, sikumbuki kitu."

Neno hilo ndilo lililomhukumu. Mke wa mfungua njia alilisikia, akalibeba, na kabla jua halijapanda genge zima lilikuwa nalo.

Baba alikuja akitembea juu ya mataruma ya reli, taa imezimwa mkononi. Waliomwambia walikuwa wanawake. Aliingia, akamtazama mtoto, akamtazama mama, akainama kugusa karai lililobaki na majivu. Akasema, "Lakini joto lilikuwepo."

Tulimzika kando ya njia ya zamani ya wapagazi, inayokwenda sambamba na reli. Bibi alisema njia ile imezoea kumeza watu. Hamisi, kama ilivyo desturi ya watani msibani, alinyang'anya jembe ili adai hachimbi mpaka apewe jogoo. Alianza kusema hivyo, akamwona mama, akaanza kuchimba.

Tulirudi Ipole, na lile jina likatutangulia. Mama akaitwa aliyemlalia mtoto. Wanawake hawakumtukana, walichofanya ni kutompa watoto wao awashike. Akinyoosha mikono, mwenye mtoto alikumbuka kwamba mtoto ana njaa, au ana usingizi. Alipomzaa mdogo wangu alikuwa halali. Alikaa ameegemea ukuta, mtoto mapajani, usiku baada ya usiku, mpaka mtoto akajua kutambaa. Nami, niseme kweli, niliamini kama wengine. Kimya chake nilikiona kuwa ni kimya cha mtu anayejua alichokifanya.

Nilipomaliza darasa la nne nilikuja mjini kwa dobi mmoja, Mwarabu mzee aliyezaliwa hapahapa Tabora. Tulipiga pasi za mkaa. Siku moja ya baridi tulifunga mlango na madirisha vumbi lisiingie, na mwenzangu mmoja akaanza kulalamika kichwa, halafu akaanguka juu ya mashuka. Mzee alituvuta wote nje kwa kola za mashati. Mwenzetu alipozinduka, mzee alianza kututukana.

"Mkaa hauui kwa moshi," alisema. "Unaua ukiwa hauna moshi. Chumba kikizibwa, mtu analala tu. Hasikii kitu. Nimewaona wawili, marehemu wote, midomo myekundu utadhani wametoka kula tambuu."

Niliketi kwenye ngazi. Mzee alidhani nami nimelewa mkaa, akaniletea maji.

Nilipopata ruhusa nilikwenda Ipole. Mama alikuwa uani akimenya karanga. Nilimweleza polepole, maana mimi kusema ni kama kuandika, kila neno linasukumwa. Nilimwambia juu ya bomba lililozibwa, na nyufa, na usingizi ule. Nikamwambia juu ya midomo.

Hakuacha kumenya.

"Kwa hiyo sikumlalia," alisema.

"Hukumlalia, mama."

Alichagua karanga mbovu, akazitupia kuku. Ndani ya nyumba baba alikuwa akigonga kitu kwa nyundo. Alikuwa akimtengenezea jirani kiti. Sote wawili tulisikiliza ile nyundo.

"Baba yako usimwambie."

"Lakini mama, watu wote wanasema..."

"Watu wamekwisha sema. Sasa mimi najua, na wewe unajua. Yeye alizunguka na ile nta mpaka kidole kikamchubuka. Ukimwambia, mwanangu, atakaa vipi?"

Baba alitoka na kiti, akakiweka chini, akakikalia kukijaribu. Akamwuliza mama kama kinayumba. Mama akamwambia hakiyumbi.

Nilipokuwa mtoto sikujua kwamba kimya kinaweza kuwa cha aina mbili. Kabla ya siku ile mama alinyamaza kwa kuwa hakuwa na la kujibu. Baada yake alikuwa nalo, akanyamaza vilevile, miaka yote, na wanawake wakaendelea kumnyima watoto wao.

Baba alizikwa msimu uliopita. Nilimwuliza mama kama sasa naweza kuandika. Alifikiri, akasema niandike, lakini mtoto asiitwe mtoto tu mpaka mwisho. Bibi alisema alikufa bila jina. Mama alikuwa amempa, humo ndani ya behewa, bila kumwambia mtu. Aliitwa Milembe.