Nilimpa Msimulizi Alama Tatu

Jamani, juzi nimemzika kaka yangu Feleti. Alianguka ghafla kwenye shamba lake la viazi vikuu, basi.

Hata mkeka wa msiba, ambao kwetu mfiwa huufunga kiunoni, sijaufungua, mama akanipa karatasi yenye wino wangu mwekundu.

"Ilikuwa ndani ya Biblia yake."

Nikaikunjua.

Mimi ni mwalimu wa fasihi hapa Vava'u, Tonga. Mwaka jana nilisahihisha shindano la hadithi. Majina yamefichwa, namba tu. Namba kumi na saba ilihusu kijana aliyekaa siku nane chini ya mshelisheli, nje ya nyumba yenye mgonjwa. Anapasua kuni, anachota maji, anatega sikio dirishani. Haingii hata mara moja.

Nikajifanya mjuaji. Nikaandika: "Maneno makavu. Mgonjwa hana jina. Msimulizi yuko mbali, hana moyo." Alama tatu kwa kumi!

Mwalimu mwenzangu Siale alinishtua. "We Lavinia, umejiuliza huyo mgonjwa ni nani kwake?"

"Nasoma kilichoandikwa, bibie. Sipigi ramli."

Sasa namba kumi na saba iko mkononi mwangu. Nikamgeukia mama. "Aliyeumwa humu ni nani?"

"Wewe, mwanangu. Ulikuwa na miaka kumi na mmoja, homa ya matumbo, hujitambui. Kaka yako hakutia kitu mdomoni mpaka nimwambie umemeza uji."

Kwetu, mvulana akishabalehe haingii chumba cha dada yake, wala hapigi naye soga. Ni heshima. Mimi na Feleti hata salamu zilipitia kwa mama. Yote haya nayajua tangu utotoni, na bado nilimsoma kaka yangu kama mgeni aliyeshuka jana uwanja wa ndege.

"Alijua ni mimi niliyesahihisha?"

"Mwandiko wako aukose? Nilitaka kukwambia, akanikataza. 'Muache, mama, dada ndiye msomi.'"

Nililia mpaka sauti ikakauka.

Chini ya wino wangu alijaribu kunitii, kwa penseli: "Nikaingia, nikamshika mkono." Akakata.

"Nikaingia." Akakata tena.

Ndugu zangu, msimhukumu msimulizi kabla hamjajua kwao mapenzi huoneshwaje. Jueni hilo angali hai.

Mstari wa mwisho wa penseli hakuukata: "Nikabaki nje, maana ndani alikuwamo dada yangu."