Benchi la Matone

Siku yangu ya kwanza kazini, Muuguzi Mkuu hakuniacha hata nitundike koti. Alinikabidhi kichupa cha matone, akanionyesha benchi refu la mninga kwenye korido, akasema, "Hii ndiyo wodi yako. Unavuta kope la chini, tone moja kila jicho, halafu unamkalisha. Akiinuka kabla ya nusu saa, nakuuliza wewe." Nilikuwa nimetoka chuoni na cheti cha uuguzi wa macho, nikijiona tayari niko chumba cha upasuaji. Nilinuna wiki nzima.

Kliniki yetu ilikuwa ghorofani, Kariakoo, juu ya duka la jumla la vitenge. Kazi ilikwenda hivi: mgonjwa anasoma ubao wa herufi, anapimwa presha ya jicho, kisha anatiwa matone ya kupanua mboni ili Daktari achungulie nyuma kabisa, kwenye mshipa unaopeleka picha kwenye ubongo. Matone hayo hayajui haraka. Nusu saa inakwenda ndipo mboni ifunguke, na baada ya hapo vitu vya karibu vinabaki ukungu mtupu kwa saa kadhaa.

Sasa fikirieni mfanyabiashara wa Kariakoo asiyeweza kusoma bei zake mwenyewe. Mangi, mwenye lile duka la chini, alitiwa matone siku moja, nami nilipogeuka tu akateremka kuwahi mteja. Akauza majora ya vitenge vya wax kwa bei ya vile vya kawaida, maana vyote aliviona sawa. Alipanda ngazi anafoka. "Nesi, umenitia dawa gani wewe? Umenifilisi!" Benchi zima liliangua kicheko, na mwisho naye akakaa, akacheka mpaka machozi yakasafisha matone yangu.

Nililipenda benchi lile kuliko ninavyoweza kueleza. Watu wasioona vizuri kwa muda hawana la kufanya ila kuongea. Mama wa Kizaramo alikaa bega kwa bega na mwenye duka kutoka Moshi, nami nikawasomea wote ujumbe kwenye simu zao, pamoja na ule ambao hawakutaka jirani ausikie. Mvua zikijaza maji bonde la Jangwani, wagonjwa wa Magomeni hawakuvuka, benchi likapwaya na mimi nikashinda mpweke.

Kwenye benchi hilo ndipo nilipomzoea Bi Mwanaidi. Alikuwa mshonaji wa kofia za viua, zile za mkono zenye matundu madogo yaliyopangwa maua. Alikuja na kadi ya bima aliyoipata kupitia mwanawe mwalimu, akitaka miwani tu, na matone yakaonyesha jambo jingine. Alikuwa na presha ya macho. Ugonjwa huu hauumi. Unaanza kula pembeni, huku mtu akiendelea kusoma herufi vizuri tu, na kilicholiwa hakirudi.

Daktari wetu, mama mmoja mwenye sauti ya chini, alimshika mkono. "Bi Mwanaidi, miwani haitakulinda. Utatumia dawa kila siku, na mimi nitakuwa naangalia nyuma ya jicho. Mtu akikwambia umepona kwa sababu unasoma ubao, mkatalie."

"Nimesikia, mwanangu. Macho haya ndiyo yanayonilisha."

Miaka ikaenda vizuri. Kisha mfuko wa bima ukaleta kitita kipya, yaani orodha ya huduma na bei ambayo mfuko unakubali kulipa. Kumwona daktari wa macho kukawekewa bei moja ndogo, mgonjwa akae dakika tano au saa nzima. Matone na ile nusu saa yake vilizamishwa humo humo. Miwani ililipiwa peke yake.

Meneja alituita ofisini. "Jamani, mimi sina ugomvi na matone. Ila pango la Kariakoo mnalijua. Kuanzia sasa wenye kadi wanasoma ubao, wanachukua miwani, wanakwenda. Matone ni kwa wanaolipa taslimu."

"Kwani jicho la mwenye kadi halina nyuma?" Daktari akauliza.

Meneja alitazama meza. "Mfuko ukinilipa ile nusu saa, Daktari, nitakuletea mabenchi matatu."

Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na mishahara yetu ya kulipa, na kwa bei ile mgonjwa wa nusu saa alikuwa hasara. Lakini nilimkasirikia, na nikikumbuka asubuhi ile mafundi walipong'oa benchi langu ili waweke kabati la fremu za miwani, hasira inanirudia upya.

Mangi alilikuta limeegeshwa kwenye ngazi. "Hili linaenda wapi?"

"Linauzwa, Mangi."

"Liuzwe nini? Lete barazani kwangu. Benchi limenitia hasara hili, lazima linilipe."

Ndivyo tulivyoendelea. Daktari alifika mapema kabla ya zamu, nami nikawatia matone wenye kadi waliokuwa hatarini, kisha wakasubiri chini kwa Mangi kati ya majora ya vitenge. Kazi hiyo Daktari hakulipwa. Alikula chakula cha mchana amesimama, na jioni miguu ilikuwa imevimba. Mwishowe mwili ulikataa, akahamia hospitali moja ya kule Posta isiyopokea kadi ile. Siku ya kuagana nililia mbele ya watu na sikuona haya.

Akaja Daktari Kijana. Huyu aliajiriwa kulipwa kwa kichwa: kila mgonjwa anayemwona, anaongezewa. Bi Mwanaidi alipoingia, alisoma ubao mpaka mstari wa chini, jicho la kulia, jicho la kushoto.

"Unaona vizuri sana, bibi. Nenda kachague fremu."

Bi Mwanaidi hakuinuka. "Sijatiwa matone."

"Bibi, kwa kadi yako..."

"Sijatiwa matone. Sitoki."

Kijana wa watu alivua miwani yake, akajifuta uso. "Bibi yangu, hata mimi natamani. Ila nalipwa kwa kichwa, na foleni ya nje unaiona."

"Basi waite hao wa foleni waingie. Mimi nitasubiri kwa Mangi. Benchi lile hulilipii wewe, wala sililipii mimi."

Daktari Kijana akanigeukia. Kichupa kilikuwa tayari mkononi mwangu.

Baada ya nusu saa Daktari Kijana alimtazama, akamtazama tena. Jicho la kushoto lilikuwa limeanza kupoteza upande mmoja tangu Daktari wetu aondoke. Alimbadilishia dawa siku ile ile na kumwandikia rufaa ya upasuaji. Kilichopotea hakikurudi. Kilichobaki kilibaki, na kofia ziliendelea kushonwa.

Tangu hapo Daktari Kijana akawa ananinong'oneza, "Nesi, wa leo wawili tu, Meneja asituone." Lakini Bi Mwanaidi hakuridhika na wawili. Kila alipokaa barazani na matone yake alimfunza mwenye kadi aliyepita la kumwambia daktari, naye akamfunza jirani yake. Nikaanza kuyasikia maneno yake yale yale kupitia mlangoni, kwa sauti ya mzee, ya mama mjamzito, ya kuli wa bandarini. Meneja aliamini kabisa kwamba mimi ndiye niliyewapanga.

Nilipostaafu Bi Mwanaidi alinishonea kofia. Mimi ni Mkristo, naivaa Jumapili baada ya misa, na mke wangu ameacha kunisema. Nikiishika hudhani imeshonwa na jicho moja zima na nusu. Benchi bado lipo kwa Mangi, wateja wanalikalia wakichagua vitenge, na wachache wanajua lilitoka wapi.

Juzi nilikwenda kupima macho kwa kadi yangu ya bima ya wastaafu, kwenye kliniki mpya ya vioo vitupu. Binti daktari aliniamkia vizuri, nikasoma ubao, akatabasamu.

"Uko safi, mzee wangu. Karibu uchague fremu."

Nilivua kofia, nikaiweka mezani kwake, nikaegemea kiti.

"Sijatiwa matone, mwanangu," nikamwambia. "Sitoki."