Uzi Mwekundu kwenye Diski

Fundi wa kompyuta wa mtaa wa Migosi hufunga uzi mwekundu kwenye diski ya zamani kabla ya kuihamishia kwenye mpya, kwa sababu ukikosea ukainakili ile tupu juu ya ile iliyojaa, umefuta kila kitu. Mama Akeyo hakubandua macho kwenye vidole vyake. Diski ile iliyokuwa ikifa ilibeba kumbukumbu za mkutano zinazoonyesha kwamba marehemu mumewe hakuuza shamba la kanisa, tofauti na wasemavyo watu wa kwao Pap Onditi. Fundi alikaribia kubonyeza, akaondoa mkono, akaugusa uzi tena.

“Mama, yenye uzi ndiyo ya mzee?”

“Umeniuliza mara tatu!”

“Na ya nne nitauliza.”

Diski ilikwaruza saa nzima, fundi akihesabu asilimia kwa midomo bila sauti. Mwishowe akaipanua nafasi ya mafaili ienee diski mpya yote, akafungua kumbukumbu zile, akamgeuzia Mama kioo cha kompyuta na kutazama ukutani, kama afanyavyo kwa kila mteja.

“Soma, Mama. Ya nyumba za watu siyaangalii.”

Alisoma mpaka palipoandikwa kwamba mumewe alipinga shamba lisiuzwe. Akafuta miwani.

“Geuka, fundi,” akasema. “Hili nataka ulione.”